Steringi Akifa: Namna ya Kuimaliza Picha ya Kutisha

Mwaka 1997 nilikuwa na miaka 12, na kazi yangu ya jioni ilikuwa kukaa mlangoni mwa banda la video la Mjomba, Ngamiani, Tanga, sinia la kashata likiwa mapajani. Watoto shilingi 50, wakubwa 100. Ndani mlikuwa na runinga ya inchi 21, deki moja iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, mabenchi manne, na magunia yaliyopigiliwa madirishani ili mwanga usiingie. Mjomba alisimama kando ya runinga na fimbo ya mwanzi, akitufafanulia Kiingereza kwa namna alivyokielewa yeye. Mtoto akianza kulia, aligonga fimbo chini na kuitaja sheria ya banda: "Tulieni. Steringi hafi."

Steringi ndiye shujaa wa picha, na sheria hiyo tuliishika kwa meno. Kisha jioni moja ikachezwa kaseti isiyo na karatasi wala jina, picha ya maiti waliofufuka wakaizingira nyumba. Steringi alipambana usiku kucha. Asubuhi akafungua mlango, akaliona jua, mabenchi yote yakapiga makofi, na hapo hapo mkono ukamvuta nyuma. Giza. Majina yakaanza kupanda. Banda zima lilikaa kimya kiasi cha kusikia jenereta la jirani, kisha sauti ikatoka nyuma: "Rudisha hela!" Wakasimama wote. Mjomba akainua fimbo juu, akapaza sauti: "Hiyo ni pati wani! Pati tuu anafufuka!" Watu wakatoka wakinung'unika, nusu wameridhika. Mimi nililala na mama wiki nzima, na kwa miaka miwili kila Ijumaa nilimuuliza Mjomba kama pati tuu imefika.

Haikufika. Nami sikuacha kutazama. Leo ni mtu mzima, fundi cherehani, nina mtoto mmoja na daftari tatu nilizoandika nilivyojisikia baada ya kila picha ya kutisha niliyoimaliza. Ninayoyasema hapa nimeyatoa humo. Nawaandikia wale wanaozipenda picha hizi kwa moyo wote lakini mwisho wake ukiwa mbaya unawavunja, wanakaa siku tatu hawali vizuri, na wakisema wanaambiwa "si picha tu?" Si picha tu. Mwili uliotetemeka ni wako, na usingizi uliokupotea ni wako.

Nitataja wazi namna zinavyoisha Carrie, Get Out, Us, The Mist, Night of the Living Dead na Train to Busan. Kama kuna uliyoiweka ya kutazama baadaye, itazame kwanza. Bandani kwetu aliyehadithia mwisho mlangoni alinyimwa kuingia siku inayofuata, na mimi bado naiona adhabu hiyo ni ya haki.

Jua kwanza unachokiogopa

Mama yangu hutazama mazombi huku anachambua mchele. Damu, utumbo, watu wanatafunwa, yeye anatoa chuya na kuuliza kama chumvi ipo. Lakini siku moja mdogo wangu aliweka picha ya Kiswahili: mwanamke mrembo kasimama kando ya barabara usiku, dereva anapunguza mwendo, kamera ikashuka taratibu kutoka usoni mpaka kwenye pindo la baibui, na chini ya pindo zikaonekana kwato. Mama aliinuka, akaizima runinga kwa mkono wake mwenyewe, akasoma Ayatul Kursi, na usiku ule taa ya ukumbini haikuzimwa.

Mazombi wa Pennsylvania, huko Marekani, hawamhusu. Jini mwenye kwato alishahadithiwa na bibi yake, na wapo watu mtaani wanaoapa kwamba walikutana naye. Picha haikuingizii hofu mpya. Inagonga mlango wa hofu uliyonayo tayari. Kwa hiyo kabla hujachagua, chukua karatasi uandike vitu vitatu vinavyokutia woga kweli. Usiandike vile ambavyo wengine husema vinatisha. Mimi miaka ile niliandika: kufungiwa ndani, mtu niliyemzoea akibadilika sura, kisima. Nilipojifungua, orodha ikafutika yote ikabaki moja: mtoto.

Ukishaijua orodha yako, anza na picha zilizo mbali nayo. Zile zinazogusa orodha ziache mpaka uwe na mtu wa kukaa naye na siku isiyo na kazi asubuhi yake. Na usimcheke mwenzako anayeogopa kitu ambacho wewe hukiogopi. Hujui bibi yake alimhadithia nini.

Masikio kabla ya macho

Wengi wetu tukiogopa tunafumba macho, na hapo ndipo tunapokosea. Ukifumba macho umebakiwa na sauti, na sauti ndiyo inayofanya kazi yote. Sikiliza kwa makini utagundua: muziki unapungua, unapungua, mpaka unasikia pumzi za mtu na ubao wa sakafu ukilia. Wewe mwenyewe unasogeza kichwa mbele ili usikie vizuri. Hapo ndipo kinapopigwa kishindo. Mwili unaruka kabla akili haijajua ni nini, sawa na unavyoruka mfuniko wa sufuria unapoanguka nyuma yako. Huo si uoga. Mtu yeyote mwenye masikio ataruka.

Mwelekezi Alfred Hitchcock alipotengeneza Psycho, iliyotoka mwaka 1960, alitaka ile sehemu ya bafuni isiwe na muziki kabisa. Mtunzi wake wa muziki, Bernard Herrmann, akaandika zile fidla zinazolia kama ndege aliyekabwa, na Hitchcock aliposikia akakubali. Jaribu mwenyewe: tazama sehemu ile bila sauti, halafu irudie yenye sauti. Mara ya kwanza utaona pazia, mkono, maji, vipande vifupi vifupi vya picha. Mara ya pili utashika shingo yako.

Basi rimoti ikae mkononi. Ukisikia ukimya unarefuka, punguza sauti vitufe vitatu, macho yaache wazi. Kama unatazama kwa simu, toa kifaa cha sikio moja, ili sikio la pili liendelee kusikia nyumba yako: feni, jirani anayekohoa, paka. Nyayo ziguse sakafu. Na toa pumzi. Tunapoogopa tunavuta pumzi tunaizuia, kifua kinajaa, na kishindo kikija kinakuta mwili umekazwa kama ngoma. Mwanangu akiniona natoa pumzi polepole hujua kuna kitu kinakuja, anaondoka sebuleni mwenyewe bila kuambiwa.

Usiuache mwisho

Miaka michache iliyopita umeme ulikatika zikiwa zimebaki dakika kumi picha iishe. Mama na bintiye walikuwa kwenye ngazi ya kushuka chini ya nyumba, taa ya mkononi inafifia, mlango wa chini uko wazi kidogo. Giza kwenye picha, giza nyumbani kwangu. Umeme haukurudi mpaka kesho yake adhuhuri, nikaenda kazini bila kuumaliza. Kwa siku tatu kichwa changu kilimaliza picha ile kwa namna zake, na kila namna ilikuwa mbaya kuliko iliyotangulia. Mchana nilikuwa nakata kitambaa cha sare za shule na mikono ilikuwa baridi. Nilipokaa siku ya nne nikaimalizia, mwisho wenyewe ulikuwa wa kawaida: mlango ulifunguliwa, akatoka mtu niliyemtarajia, wakapigana, akafa.

Tangu hapo sheria yangu ni moja. Ukiianza, imalize, au ukiona huiwezi, simama mapema kabisa, kabla ya nusu, wakati hujampenda mtu yeyote mle ndani. Katikati ya hofu si mahali pa kuacha. Ipakue yote kabla hujaanza, maana bando likikata kwenye sekunde mbaya na kile kiduara kikaanza kuzunguka, utabaki umeduwaa na picha ya uso uliopiga kelele. Chaji simu. Mfungie mlango anayependa kuingia na maswali.

Na itazame saa. Hili nimewafundisha wote ninaotazama nao: gusa kioo uone dakika zilizobaki. Kama adui ameshakufa, jua linawaka, muziki ni wa kubembeleza, na bado zipo dakika nne, hakijaisha kitu. Carrie ya mwaka 1976 ndiyo iliyowafundisha wengi mchezo huu. Msichana aliyenusurika anatembea na maua mkononi kwenda kwenye kaburi, muziki laini, mchana kweupe. Anainama kuweka maua, na mkono wenye damu unachomoka udongoni unamshika. Nilipiga ukelele mpaka jirani akagonga ukuta. Baadaye nilisoma kwamba mwelekezi wake, Brian De Palma, alimpiga picha Amy Irving, aliyeigiza msichana huyo, akitembea kinyumenyume, kisha akaigeuza, ndiyo maana ule mwendo una kitu kisicho sawa ambacho macho hayawezi kukitaja. Na mkono ule ni wa Sissy Spacek mwenyewe, aliyeigiza Carrie, alikubali kufukiwa ili utoke mkono wake na si wa mtu mwingine. Kujua hivyo hakukunipunguzia hofu, ila kuliniongezea heshima, na nimegundua heshima ni dawa nzuri. Mtu aliyelala chini ya udongo ili anishtue mimi nitamtazama kwa macho wazi.

Mshtuko wa kuruka, wa kujua, na wa msiba

Mkono wa Carrie ni mshtuko wa kuruka. Moyo unakwenda mbio, vinyweleo vinasimama, unacheka au unalia, unakunywa maji, baada ya robo saa umekwisha. Sina zaidi la kusema juu yake.

Mshtuko wa kujua ni mwingine. Hautoi sauti. Us, ya mwaka 2019, Lupita Nyong'o wetu wa Kenya amecheza watu wawili: Adelaide, mama anayeilinda familia yake, na Red, yule mwenye sura ile ile na sauti iliyokwaruzika aliyetoka chini ya ardhi kuja kuwaua. Nilikaa upande wa Adelaide saa nzima na zaidi. Nilimshangilia kwa sauti. Kisha mwishoni, wako garini, wamepona, picha inarudi mwaka 1986 kwenye ule ukumbi wa vioo ufukweni Santa Cruz, na tunaonyeshwa kwamba watoto wale walibadilishana. Yule niliyemshangilia ndiye aliyetoka chini. Mwanawe anamtazama, anajifunika uso kwa kinyago chake, na mama anatabasamu.

Nilihisi nimeibiwa. Nilikaa nikijiuliza nilikuwa upande wa nani. Dawa ya mshtuko huu ni kuirudia, tena mchana, ndani ya siku tatu, kabla hasira haijakauka. Mara ya pili utaona kila kitu kiliwekwa mezani mapema. Garini, wimbo unapigwa, Adelaide anamwambia mwanawe aushike mdundo, na yeye mwenyewe vidole vyake haviendi na mdundo. Kati ya wale wote waliotoka chini wanaonguruma kama wanyama, ni Red peke yake anayezungumza, kwa sababu utoto wake aliupata huku juu. Nilipofika hapo mara ya pili nilisimamisha picha, nikalia kwa ajili ya Red. Mtoto aliyeibiwa mama, na mimi niliomba auawe. Kurudia kuliigeuza ile hofu ikawa huruma, na huruma inalalika.

Kwa sisi tunaozungumza Kiswahili upo mfano mtamu zaidi, wa mwelekezi huyo huyo wa Us, Jordan Peele. Mwanzoni mwa Get Out ya mwaka 2017 kuna kwaya inayonong'ona kwa lugha yetu. Michael Abels ndiye aliyetunga, na wimbo unaitwa Sikiliza kwa Wahenga. Watazamaji wengi duniani walisikia sauti za ajabu tu. Mimi nilisikia onyo, nikakaa wima kabla kijana mweusi, anayekwenda kwa wazazi wa msichana wake Mzungu, hajatia nguo kwenye begi. Daniel Kaluuya anayemwigiza ni mzaliwa wa London, wazazi wake Waganda, na sijui kwa nini hilo lilinifanya nimwogopee kama ndugu yangu hasa. Mwishoni, kijana yuko juu ya msichana huyo barabarani, maiti wametapakaa, na taa za gari la polisi zinamulika. Pumzi yangu ilikata. Tulijua sote, mimi na mdogo wangu, nini kinampata kijana mweusi anayekutwa hivyo Marekani. Mlango unafunguliwa, anashuka rafiki yake. Peele alikuwa ameshapiga mwisho mwingine ambao polisi ni wa kweli na kijana anaishia gerezani, akaona watu wanahitaji kuuona ukombozi, akaubadilisha.

Kumbuka hilo, maana litakusaidia kwenye mshtuko wa tatu, wa msiba.

The Mist ya mwaka 2007 niliitazama saa saba usiku, mume wangu akiwa safarini, mwanangu wa miaka sita amelala chumba cha pili. Nilivunja kila sheria niliyoiandika hapa juu. Baba na mwanawe na watu wengine watatu wako garini, petroli imekwisha, nje ni ukungu wenye majitu. Bastola ina risasi nne. Wao ni watano. Hawasemi mengi. Kamera inatoka nje ya gari na tunaona mwanga wa risasi kwenye vioo, mara nne. Baba anashuka, anapiga kelele akiyaita majitu yaje yammalize. Ukungu unaachana, na kinachotoka ni kifaru cha jeshi, nyuma yake malori yamejaa watu waliookolewa. Kwenye lori moja amekaa yule mama ambaye mwanzoni kabisa alitoka peke yake kwenye duka walimojificha wote, kuwafuata wanawe, baada ya kuwaomba wote wamsindikize na wote kukataa. Amewapakata wanawe. Anamtazama baba yule, haongei.

Sikulia. Niliinuka nikaenda chumbani kwa mwanangu, nikaweka kiganja kifuani pake, nikahesabu pumzi mpaka mia moja. Kisha nikakaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda chake, mpaka adhana ya alfajiri. Kwenye daftari siku ile pana mstari mmoja tu: Angesubiri dakika mbili.

Msiba wa namna hii hautibiwi kwa kunywa maji wala kwa kuurudia. Usiirudie, mimi sijairudia na sitairudia. Unatibiwa kama msiba wowote: kwa watu. Kesho yake nilimpigia dada yangu nikamhadithia yote, tangu duka mpaka lori, na nilipofika kwa yule mama aliyewapakata wanawe ndipo nikalia, naye akalia, hajaiona picha wala hataiona. Ukishalia, uliza swali moja: nani aliamua iishe hivi, na kwa nini? Hadithi ya Stephen King ya mwaka 1980 iliyozaa picha hii inawaacha wakiwa bado barabarani, wana tumaini dogo. Mwelekezi, Frank Darabont, ndiye aliyeamua zile risasi, na King mwenyewe akasema ameupenda mwisho huo. Kwa hiyo si dunia iliyomuua mtoto yule. Ni mtu, kwenye meza yake, alitaka kuniambia kitu juu ya kukata tamaa mapema. Peele aliamua vingine, na mwisho wake unasimama vilevile. Ukimjua mwamuzi unaweza kubishana naye. Nilibishana na Darabont siku nne nikiwa kwenye cherehani, na siku ya tano nikamwelewa.

Usiku wenyewe

Mwaka 1995 hofu ya Popobawa, jini linalosemekana kuvamia watu usiku, ilipoingia Pemba na Unguja, watu walitoka na mikeka wakalala nje pamoja, familia kwa familia, mpaka kulipokucha. Wapo waliowacheka. Mimi naona walijua jambo ambalo mtu anayetazama picha ya kutisha peke yake chini ya shuka hajui: hofu inataka pumzi ya mtu mwingine karibu.

Kwa hiyo tazama alasiri kama unaweza, jua likiwa bado lipo. Kama ni usiku, acha nusu saa kati ya mwisho na kitanda, na nusu saa hiyo usiishike simu. Osha vyombo. Maji, sabuni, kelele za sahani, mikono inafanya kazi inayoijua, na moyo uliokuwa mbio unashuka wenyewe. Kunja nguo. Soma dua yako, ya dini yako, kwa sauti na si moyoni. Andika mistari mitatu: nani alikufa uliyeamini hafi, ulikuwa wapi na nani ilipotokea, mwili wako ulifanya nini. Mistari mitatu yatosha. Ukiamka na jinamizi, taja kwa mdomo vitu vitano unavyoviona chumbani mwako. Neti. Kabati. Kanga. Kandambili. Ndoo.

Watoto usiwaoneshe, hata wakikusihi, hata ukiwa na uhakika ni picha ndogo. Nilikuwa mtoto wa mlangoni, niliona yote kupitia upenyo wa pazia, na nilibeba wiki zile peke yangu kwa sababu nilijua nikisema nitafukuzwa bandani.

Kumtazamisha mtu mzima

Mwaka jana Mjomba alikuja kukaa kwetu baada ya kusafishwa jicho. Ana miaka 74. Banda lilishafungwa zamani, fimbo ya mwanzi haipo. Nilimwamkia, akaitikia, nikamwambia, "Mjomba, leo mimi ndiye nakuwekea picha." Akauliza, "Steringi nani?"

Nilianza na Night of the Living Dead, ya mwaka 1968. Nakushauri nawe uanze nayo, kwanza kwa sababu ni halali kuitazama bure: walipobadilisha jina lake kabla ya kutoka, alama ya hakimiliki ikaachwa, na tangu hapo ni mali ya umma. Pili, haina rangi, na damu yake ni sharubati ya chokoleti, hivyo macho hayaumii. Kinachouma kiko kwingine. Steringi ni Ben, anaigizwa na Duane Jones, mtu mweusi, na hakuna mle ndani anayelitaja hilo. Ndiye mwenye akili, ndiye anayepigilia mbao madirishani. Anabishana na mwenzake mmoja usiku mzima: mwenzake anataka wajifungie chini ya nyumba, Ben anasema huko ni mtego. Mwishoni wenzake wamekufa wote, na Ben anaokoka kwa kujifungia huko huko alikokukataa.

Asubuhi inafika. Wanamgambo na polisi wanakuja na mbwa na bunduki. Ben anasikia, anapanda juu, anachungulia dirishani. Mmoja anamwona kivuli, analenga, anapiga kichwani. Hakuna anayeuliza. Kisha picha zinaganda moja moja, zenye chenga kama za gazeti: kulabu, mikono inayomburuta, moto.

Mjomba alikuwa ameshika kikombe cha kahawa, hakukinywa. "Wamemuua mwenzao," akasema. Nikamweleza alivyosimulia mwelekezi wake, George Romero, kwamba walikuwa garini wakiipeleka picha hiyo New York kutafuta wa kuinunua, Aprili 1968, ndipo redio ikasema Martin Luther King ameuawa. Mjomba alikaa kimya muda, kisha akasema habari ile aliisikia naye, kijana wa miaka 17, na watu wazima barazani waliacha bao wakainuka.

Usimharakishe mtu mzima baada ya mwisho kama huo. Usimuulize "umeionaje?" Mletee kahawa ya pili. Nilisubiri wiki nzima kabla ya picha ya pili, na hilo nalo nakushauri, maana mtu huingia kwenye picha mpya na mwili wa picha iliyopita.

Ya pili ilikuwa Train to Busan, ya Korea Kusini, mwaka 2016. Maandishi ya chini ni Kiingereza, naye jicho halijapona, kwa hiyo nilisimama kando ya runinga nikamtafsiria, kwa sauti ya chini, nikinyamaza kila mtu aliponyamaza. Baba asiye na nafasi na bintiye, wako kwenye treni ya Seoul kwenda Busan, mazombi wanajaa behewa kwa behewa. Binti alishindwa kumaliza wimbo wake shuleni kwa sababu alikuwa amejifunza kumwimbia baba na baba hakuja. Karibu na mwisho baba anang'atwa mkono na zombi. Anamfundisha mwanamke mjamzito namna ya kusimamisha treni, anamuaga mwanawe anayemng'ang'ania, anakwenda nyuma kabisa. Kabla hajageuka anaona kwa mawazo siku alipompakata mchanga, anatabasamu, na kivuli chake kinaanguka kutoka kwenye treni.

"Steringi kafa," Mjomba akasema, polepole. Nikatazama dakika. Zilikuwa bado.

Mwanamke na mtoto wanatembea kwenye handaki lenye giza. Upande wa pili wapo askari, bunduki zimelengwa. Hawaoni vizuri kama ni watu au maiti. Redio inawaamuru wapige. Kidole kiko kwenye kifyatulio, na mimi najua Mjomba anaona dirisha lile la mwaka 1968, kwa sababu amenishika kifundo cha mkono.

"Usiniambie. Wanapiga?"

"Subiri, Mjomba."

Kutoka gizani sauti ya mtoto inaimba, inakatika kwa kilio, inaendelea. Ule ule wimbo wa shuleni. Askari anashusha bunduki. Wanakimbia kuwapokea.

Mjomba hakuniachia mkono mpaka majina yakaanza kupanda. Akajifuta jicho zima, lile linalouma akaliacha.

"Pati tuu imechelewa sana," akasema. "Rudisha pale mtoto anapoanza kuimba."